Doha Haikushinda kwa Viwanja

Kaa kwenye vijiwe vya stendi ya Mbinga. Mjadala wa michezo ukipamba moto tu, atatokea mtu aliyewahi kufanya kazi Uarabuni, au mwenye shemeji huko, aufunge: "Wenzetu wana viwanja, bwana. Na sisi tungejengewa, mngeona." Uchaguzi ukikaribia wagombea huidaka kauli hiyo, na "uwanja wa kisasa" ukaingia kwenye ahadi pamoja na zahanati na daraja. Kauli tamu, lakini ya uongo.

Doha nimeiona, wakati wa Kombe la Dunia la 2022. Inapendeza, sibishi. Uwanjani viyoyozi vinakupuliza miguuni ukiwa umekaa kwenye kiti chako, na uwanja mmoja umejengwa kwa makontena 974. Lakini unaweza kushinda kutwa usimsikie Mqatari akisema neno, kwa kuwa wageni ni zaidi ya wanane katika kila watu kumi. Mlinzi wa geti Mkenya, dereva wa teksi Mpakistani. Pale soko la Souq Waqif kijana mwingine wa Kenya, aliyekaa kwenye kiti kirefu akielekeza watu metro kwa mkono wa sponji, alijulikana duniani kuliko mchezaji yeyote wa timu ya wenyeji. Na timu yenyewe? Ilifungwa na Ecuador, Senegal na Uholanzi. Viwanja vinane, pointi sifuri.

Kwenye riadha ni yaleyale. Mwaka 2003 Mkenya Stephen Cherono alibadili uraia, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka huohuo akaipa Qatar dhahabu ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, jijini Paris. Bahrain nao dhahabu yao ya mbio hizohizo kwenye Olimpiki ya 2024 waliipata kwa Winfred Yavi, mzaliwa wa Kenya. Wenye fedha za kujenga uwanja wowote wautakao walikuja Afrika Mashariki kutafuta miguu.

Utaniambia Qatar ilitwaa Kombe la Asia 2019, ikalitetea. Kweli. Ila ubingwa ule ulianzia kwenye kituo cha Aspire, kilichoanzishwa 2004, miaka sita kabla nchi haijapewa Kombe la Dunia. Walichukua watoto, wakawawekea makocha, wakasubiri. Kizazi hichohicho ndicho kilichofungwa mechi tatu kwenye viwanja vipya vinavyowatoa watu wetu udenda.

Sasa tuangalie kwetu. Kutoka milima ya Umatengo hadi Ziwa Nyasa unashuka zaidi ya mita 800, na watoto wanaipanda miteremko hiyo kila siku, wengine na mzigo wa kuni kichwani. Mbamba Bay wanacheza chandimu mchangani, pembeni ya usipa ulioanikwa. Huku juu mpira ukitoka nje unaviringika hadi kwenye mashimo ya ngolo shambani, na sheria inajulikana: aliyeutoa ndiye anayeufuata. Pumzi ipo. Kipindi cha michezo shuleni kipo pia, kwenye ratiba ya ukutani. Darasa la saba likikaribia mtihani, kinageuka hisabati. Yakifika mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, timu inaokotwa ndani ya wiki moja. Baada ya hapo kimya, mpaka mwanasiasa alete kombe la mbuzi, jezi zenye picha yake na mipira miwili.

Alphonce Simbu, aliyetupatia dhahabu ya kwanza ya dunia, kwenye marathoni ya mashindano ya dunia jijini Tokyo Septemba 2025, ni mtoto wa kijijini Singida. Aliyemfikisha Tokyo ni mazoezi ya miaka mingi na watu waliomsimamia, wala si majukwaa ya zege.

Siuchukii uwanja. AFCON ya 2027 inakuja nchini, na lazima ichezwe mahali. Ila uwanja wa mamilioni katika wilaya isiyo na ligi ya watoto utaishia kuwa wa mikutano ya hadhara na malisho ya mbuzi.

Madiwani wa Mbinga Mji, Mbinga Vijijini na Nyasa, hoja ya uwanja ikiletwa tena mezani, muulizeni aliyeileta: ligi ya shule za msingi inaanza lini, na refa wake atalipwa kutoka fungu gani? Asipokuwa na jibu, msiipitishe.