Daftari la Wiki: Njia za Miguu za Meru na Vitabu Vyake

Ngarenanyuki ni kata ya wakulima kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru, wilayani Arumeru. Wasafiri wengi huifahamu kwa nyanya zake. Wachache huifahamu kwa vitabu, ingawa si rahisi kupata kijiji kingine cha Tanzania ambacho mkasa wake mmoja umezaa riwaya, kitabu cha kesi na kurasa nyingi za kumbukumbu za Umoja wa Mataifa.

Uingereza vijiji vya namna hiyo vina jina na vina mapato. Selborne inajulikana kwa Gilbert White, kasisi aliyechapisha mwaka 1789 kitabu kuhusu ndege, wadudu na majira ya parokia yake moja. Grasmere inajulikana kwa mshairi William Wordsworth, aliyehamia huko mwaka 1799. Mgeni hununua ramani, hufunga buti, hufuata vibao, na jioni hunywa chai karibu na nyumba ya mwandishi ambayo sasa ni makumbusho. Meru ina njia na ina vitabu. Kilichokosekana ni mtu wa kuvikutanisha, na lawama hiyo haiwezi kutupiwa mlima.

*

Safari za miguu huanzia mjini Arusha. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900 kwa kazi ya shuruti ya wenyeji, leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Katikati ya miaka ya 1990 mpango wa utalii wa utamaduni ulianzishwa kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV, na vijiji vya kuzunguka Meru vikawa miongoni mwa vya kwanza kujiunga: Ng'iresi, Ilkiding'a, Mulala, Mkuru. Utaratibu ni mwepesi. Kijiji hutoa kiongozi, mgeni hulipa, na sehemu ya malipo huenda kwenye shughuli ya wote, kama vile shule ya msingi.

Ng'iresi, kilomita chache juu ya mji, ndiyo njia ya kuanzia kwa asiyezoea mlima. Njia yenyewe ina upana wa ng'ombe mmoja. Upande mmoja ni mfereji wa maji unaoshuka kutoka msituni, na magimbi yameoteshwa kwenye kingo zake. Upande wa pili ni shamba lenye migomba juu, kahawa kivulini, na maharage chini kabisa pale jua linapopenya. Maji ya mfereji hayana cha kuyazuia ila zamu: leo ya huyu, kesho ya yule, na anayeyafungulia usiku bila zamu yake hujibu kwa wazee. Udongo ni wa majivu ya volkano, mweusi na laini. Wakati wa kiangazi huwa vumbi linaloingia hadi ndani ya soksi, na wakati wa masika huteleza kama sabuni.

Hapa ndipo tofauti na Uingereza inapoonekana zaidi. Kule njia ya miguu ni haki iliyoandikwa: ikishatiwa kwenye ramani rasmi, mwenye shamba hana ruhusa ya kuiziba, na mpita njia hana haja ya kumjua. Meru njia hupita kati ya shamba la fulani na fulani, wakati mwingine uani kabisa, na kinachoifungua ni salamu. Mzee akiwa barazani huamkiwa shikamoo kabla ya mguu kuvuka, hata kama kiongozi ni mjukuu wake. Ramani haisaidii sana. Kiongozi kijana anayejua nani kafiwa wiki hii, na kwa hiyo ua upi usikatizwe, ana thamani kuliko ramani yoyote.

*

Akeri, mashariki ya mji, ndipo historia iliyoandikwa ya Meru huanza, nayo huanza na vifo. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapo walipokuwa wamepiga kambi ili kuanzisha misheni. Kisasi cha Wajerumani chini ya Kapteni Johannes kilikuwa kikubwa kupita kiasi: ng'ombe walitwaliwa, migomba ikafyekwa. Misheni ilisimama baadaye, mwaka 1902, huko Nkoaranga. Katika miaka iliyofuata serikali ya Kijerumani iligawa mashamba ya chini ya mlima kwa walowezi, wakiwamo Makaburu kutoka Afrika Kusini, na vijiji vya mlimani vikajikuta vimefungiwa kati ya msitu wa hifadhi kwa juu na mashamba ya Wazungu kwa chini. Mkanda huo ndio chanzo cha yote yaliyoandikwa baadaye.

*

Tengeru hupitwa haraka na wengi, isipokuwa Jumatano na Jumamosi, siku za soko, ambapo hakuna gari linalopita haraka. Nyuma ya pilikapilika za ndizi na mitumba kuna Ziwa Duluti, ziwa la kreta lenye msitu mdogo na njia ya kulizunguka. Karibu yake, tangu mwaka 1942, waliishi wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliopelekwa Siberia na Wasovieti kisha wakatoka kupitia Uajemi. Kambi ilikuwa na shule na kanisa lake. Makaburi yao yapo bado na yanatunzwa, na majina ya Kipolandi juu ya mawe yanasomeka vizuri chini ya miti.

*

Kutoka Usa River njia ya kwenda Ngarenanyuki inaacha lami na kupanda kuelekea lango la Ngongongare. Jirani, kando ya barabara kuu ya Moshi, kuna mji mdogo wa Maji ya Chai, uliopewa jina la rangi ya mto wake. Maji ya sehemu nyingi za Meru yana madini mengi ya floridi yanayotoka kwenye miamba ya volkano, na ndiyo maana watu wazima wengi waliokulia hapa wana meno yenye madoa ya kahawia. Mgeni wa siku moja hadhuriki kwa kikombe cha chai. Anayekaa anapaswa kuuliza maji yanatoka chemchemi ipi.

Barabara ya Ngarenanyuki ni ya umma ingawa inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Abiria wa Ngarenanyuki hawalipi kiingilio; wanapita tu, wakiwa na magunia na kuku, huku mtalii aliyelipa kwa dola akisimamisha gari kumpiga picha twiga yuleyule ambaye abiria hawamgeukii. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto na ikapata jina la sasa mwaka 1967, baada ya mlima kuongezwa.

Momella, upande wa pili wa hifadhi, kuna maziwa ya magadi yenye heroe na lango la kupandia Meru, kilele cha mita 4,566. Mpandaji huongozana na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, hulala kwenye vibanda vya Miriakamba na kisha Saddle, na huhitaji siku tatu au nne. Momella ina rafu yake ya vitabu na filamu. Margarete Trappe, Mjerumani aliyefika mwaka 1907, alilima na kuwinda hapo hadi kifo chake mwaka 1957, na habari zake zimesimuliwa mara nyingi Ujerumani. Filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962 ikiwa na John Wayne, ilipigwa katika eneo hilo. Mwigizaji mwenzake Hardy Krüger alilipenda shamba, akalinunua, na mwaka 1970 akachapisha kitabu juu ya maisha yake pale. Katika rafu hii wanyama wana majina na tabia. Wameru hupita nyuma, wakibeba vitu.

*

Rafu ya pili iko mwendo mfupi kaskazini, na ni nyingine kabisa.

Mwaka 1947 Jaji Mark Wilson alitoa ripoti juu ya ardhi za Arusha na Moshi. Ilipendekeza wenyeji wapewe baadhi ya mashamba karibu na mlima, na kwa kubadilishana waondoke Ngarenanyuki, ili ukanda ulio kati ya Meru na Kilimanjaro uwe wa walowezi wa Kizungu peke yao, kwa ufugaji wa kisasa. Kwenye makaratasi ya serikali Ngarenanyuki ilikuwa shamba namba 31 na namba 328. Kwa Wameru ilikuwa malisho, mashamba, kanisa na makaburi. Walikataa kuhama. Tarehe 17 Novemba 1951 polisi waliingia. Nyumba zilichomwa, watu wapatao 3,000 wakaondolewa, na mifugo mingi ikafa. Walielekezwa Kingori, mahali walipopaona pana joto na maradhi, na wengi hawakwenda.

Kilichofuata ndicho kinachoipa Ngarenanyuki uzito kupita ukubwa wake. Tanganyika haikuwa koloni kamili bali nchi ya udhamini, na kwa hiyo Uingereza iliwajibika kwa Umoja wa Mataifa. Wameru walichanga fedha, wakamtafuta Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na mwaka 1952 wakampeleka mwenzao Kirilo Japhet New York, kwenye Umoja huo, kuwasemea. Hiyo ilikuwa miaka mitatu kabla Julius Nyerere hajasimama katika jengo hilohilo. Kirilo alisikilizwa, wajumbe wengi katika kamati waliona Wameru wamedhulumiwa, lakini katika Baraza Kuu azimio la kuwarudishia ardhi halikufikia theluthi mbili ya kura. Aliporudi alizunguka Tanganyika akisimulia yaliyotokea. Chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954, watu wa mikoa mingi walikuwa wameshasikia habari za Meru. Ufugaji wa walowezi haukustawi kama ulivyoahidiwa, na hatimaye ardhi ilirudi kwa wenyewe.

Kirilo na Seaton waliiandika kesi hiyo katika The Meru Land Case, kitabu kilichotoka Nairobi mwaka 1967. Mwaka 1974 Tanzania Publishing House ilichapa Blood on Our Land, riwaya ya Ismael Mbise, Mmeru, inayoanzia mbali kabla ya 1951 na kumfikisha msomaji kwenye uhamisho. Kati ya viwili hivi, mtembezi atafaidika zaidi na riwaya. Kitabu cha kesi kinaeleza nani alisema nini mbele ya nani. Mbise anaeleza kwa nini mtu angekubali nyumba ichomwe kuliko kutia sahihi. Kasoro ni kwamba vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza, na bibi aliyefukuzwa akiwa mtoto angesomewa na mjukuu, si kujisomea.

Leo hakuna njia rasmi ya kutembelea mahali pa kesi hiyo kama ilivyo kwa maziwa ya Momella, na wenye kampuni za utalii hawana sababu ya kuianzisha, kwa kuwa haina twiga. Lakini kuitembea si kazi ngumu. Nchi ni tambarare kuliko Ng'iresi, kavu, iko upande wa mlima usiopata mvua nyingi, na Kilimanjaro huonekana mashariki asubuhi kabla ya mawingu. Mashamba ya nyanya na vitunguu yamegawanywa na mifereji. Msimu ukifika, makasha ya mbao hupangwa kando ya njia yakisubiri malori, mengine yakielekea Nairobi. Wazee wa kanisa na wa ukoo ndio wa kuulizwa wapi nyumba zilisimama, na ni adabu kupitia ofisi ya kata kwanza.

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, na tena Januari na Februari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara ya hifadhini huwakwamisha hata wenyeji. Asiyependa kurudi alikotoka anaweza kuendelea kuuzunguka mlima kwa upande wa kaskazini, kupitia Mkuru penye safari za ngamia, hadi Oldonyo Sambu kwenye lami ya Namanga, ambako magari ya kurudi Arusha hayakosekani.