Maghala ya Dubai na mlo wa mwanafunzi wa Sudan

Vita vilivyozuka Sudan Aprili 15, 2023 vilifunga shule, na mlo wa shuleni ukakatika pamoja na masomo. Agosti 2024 baa la njaa lilithibitishwa katika kambi ya Zamzam, Darfur Kaskazini. Huko Dubai, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lina maghala ya misaada ya dharura. Lakini Sudan iliishitaki Imarati mjini The Hague ikidai inawapa silaha wapiganaji wa RSF. Imarati ilikanusha, na Mei 2025 mahakama ikaifuta kesi kwa kukosa mamlaka, bila kuamua nani mkweli. Sisi tunaona shehena za misaada hazijibu swali hilo. Chakula hakimfikii mtoto iwapo barabara imefungwa na wenye bunduki, na bunduki hizo zimetoka mahali.