Tusiwadharau Watazamaji wa Rambo

Wapo walimu wenzangu ambao, wakimsikia mwanafunzi akiizungumzia filamu ya Rambo, humkatiza na kumwamuru arejee vitabuni. Nami nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi. Safari niliyoifanya Turkana kwa ajili ya utafiti wa lugha imenilazimu kuliungama kosa hilo hadharani.

Jioni moja mjini Lodwar niliingia katika kibanda cha video kilichojaa vijana. Filamu iliyokuwa ikionyeshwa ni First Blood, ya mwaka 1982, ambamo Sylvester Stallone aliigiza kwa mara ya kwanza kama John Rambo, askari aliyerudi Marekani kutoka vita vya Vietnam. Ilikuwa imetiwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, kwa mtindo ambao DJ Afro ameufanya maarufu nchini Kenya. Juma hilo hilo nilifika Kakuma, mwendo wa kilomita takriban 120, nikaijadili filamu hiyo na wanafunzi wa sekondari walioko kambini, ambao wengi wao walikwisha kuiona.

Kisa chenyewe ni hiki. Rambo anaingia kwa miguu katika mji mdogo, akitafuta mahali pa kula. Mkuu wa polisi hapendi sura yake. Anampakia garini na kumtoa nje ya mji. Rambo anageuka kurudi, anakamatwa kwa uzururaji, anateswa rumande, anatoroka na kukimbilia msituni. Wanaomsaka anawajeruhi mmoja baada ya mwingine. Hatimaye anamtia mkononi mkuu yule wa polisi, anamwekea kisu shingoni, kisha anamwachilia.

Hapo ndipo kibanda cha Lodwar kilipolipuka kwa kelele. "Mjinga huyu!" alifoka kijana mmoja wa bodaboda. "Angemmaliza, mambo yangekwisha." Mzee mmoja, aliyekalia ekicholong chake karibu na mlango, alimjibu bila kupandisha sauti: "Yasingekwisha, mwanangu. Huyo naye ana ndugu. Ndiyo kwanza yangeanza."

Kule Kakuma mjadala ulichukua njia nyingine. Mvulana mmoja wa Sudan Kusini aliniambia: "Mwalimu, hiyo si filamu ya kisasi. Mtu aliuliza mahali pa kula tu. Kosa lake ni kutembea." Msichana wa Kongo alimpinga papo hapo. Alikumbusha kwamba mwishoni kituo cha petroli kinalipuliwa na maduka yanaharibiwa. "Wenye maduka walimkosea nini?" aliuliza. "Sisi tuliwakimbia watu kama yeye, na wao pia walisema wamekosewa."

Nakiri kwamba katika semina nyingi za chuo kikuu nilizohudhuria sijasikia hoja nne zilizosemwa kwa maneno machache namna hiyo na kuligusa jambo kwa undani kiasi hicho. Wala hili si jambo la Turkana pekee. Mtaalamu wa anthropolojia Paul Richards, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1996 kuhusu vita vya Sierra Leone, alieleza kwamba vijana wa huko waliiona filamu hiyo hiyo kuwa ni habari ya kijana aliyefukuzwa na wenye mamlaka, akalazimika kuishi kwa akili zake msituni. Anayedhani kwamba mtazamaji wa kibandani hutamani bunduki tu, hajamsikiliza.

Hata watengenezaji wa filamu yenyewe walilazimika kumsikiliza mtazamaji. Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, Rambo anauawa. Filamu nayo ilipigwa picha za mwisho ambamo anakufa, lakini watazamaji wa majaribio waliukataa mwisho huo. Ndipo ukatumika ule ambamo anajisalimisha huku akilia. Aghalabu watu huyasahau machozi hayo kwa sababu ya filamu ya pili, ya mwaka 1985, ambamo Rambo anarudi Vietnam na kuua makumi ya watu. Huyo wa pili ndiye aliyebandikwa ukutani katika vibanda vyetu, na ndiye aliyevuma hata mifuko ya plastiki ikaitwa rambo nchini Tanzania. Wa kwanza, tunayeonyeshwa mtu mmoja tu akifa katika msako wake wote, ametupotea.

Sasa niseme jambo la taaluma yangu. Neno kisasi tumelipata kutoka Kiarabu, ambako kiini chake ni malipo yaliyopimwa: jeraha kwa jeraha, bila kuzidisha, na kwa nafasi ya kupokea fidia badala ya damu. Nacho kitenzi tunachokiambatanisha nalo, kulipiza, kimetokana na kulipa. Kwa hiyo lugha yetu hukichukulia kisasi kama deni, na deni, kwa desturi, lina kiwango chake na lina siku ya kwisha. Ila deni la damu lina kasoro moja: kila upande huanza kuhesabu siku ile ulipokosewa wenyewe. Jina la filamu, yaani damu ya kwanza kumwagika, linauliza swali hilo hilo: nani alianza? Yeyote aliyewahi kusikiliza habari za wizi wa mifugo kati ya Waturkana na jirani zao anafahamu kwamba swali hilo huwa na majibu mawili, na yote mawili husemwa kwa yakini.

Hata hivyo, Turkana ina jibu lake la zamani. Mwaka 1973, huko Lokiriama, Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja, Uganda, walifanya mapatano ya amani na kufukia silaha ardhini, na mapatano hayo yangali yanaadhimishwa. Lodwar nayo ndiko alikozuiliwa Jomo Kenyatta kuanzia mwaka 1959, baada ya kifungo cha Lokitaung. Mwaka 1963 mtu huyo aliwaambia walowezi wa Kizungu mjini Nakuru kwamba yaliyopita yasamehewe. Kweli, wapo wasemao kwamba msamaha ule uliliacha deni la ardhi bila kulipwa, na hoja yao ina uzito. Lakini huo ndio mjadala tunaouhitaji: je, inawezekana kusamehe pasipo kulipwa, na je, inawezekana kulipwa pasipo kuua?

Mjadala huo hauwezi kuachiwa vibanda vya video peke yake. Mvulana wa Turkana anayeketi mbele yetu darasani huenda ana kaka aliyeuawa akichunga mifugo, na likizo ikifika atarejea nyumbani ambako kuna bunduki na kuna wanaomngoja aichukue. Mwanafunzi wa Kakuma huenda anaishi jirani na jamaa za watu waliochoma kijiji chao. Hawa hawakulijua swali la kisasi kwa kutazama filamu. Wao waliingia kibandani wakiwa nalo tayari.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu, hasa wa Kiswahili na wa historia, waacheni wanafunzi wazilete filamu zao darasani. Waandike insha: Rambo alifanya vyema kumwachilia mkuu wa polisi? Wagawanyike pande mbili, wajibizane, na kila upande ulazimike kuisimulia habari kuanzia pale mwenzake anapoianzia. Zoezi hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nalo halihitaji kitabu kipya wala fedha za wizara.

Nanyi wanafunzi, msiyaonee haya maoni yenu. Yule mzee wa Lodwar hakuongeza neno jingine usiku ule. Lakini filamu ilipokwisha, kijana wa bodaboda alisogea akaketi karibu naye, akamuuliza: "Sasa, mzee, wewe ungefanyaje?"