Ukuta Hausemi Bila Majina



Kutoka Mulungwishi hadi Likasi si safari ndefu. Huko Likasi, upande wa Shituru, kimesimama kiwanda cha shaba ambacho Union Minière du Haut-Katanga ilikifungua mwaka 1929, na ambacho baada ya uhuru kiliingia mikononi mwa Gécamines. Bila shaka wako kati yenu waliokipiga picha kwa simu, kwa maana majengo ya namna hiyo hupendeza macho jua linapotua. Swali langu ni hili: picha hiyo inamshuhudia nani?

Nchini Ujerumani, Bernd Becher na mkewe Hilla walianza mwaka 1959 kupiga picha za viwanda na minara ya migodi iliyokuwa ikielekea kubomolewa. Waliifanya kazi hiyo miaka mingi kwa uvumilivu mkubwa, na karibu picha zao zote hazina mtu ndani yake. Wanastahili shukrani, kwa kuwa mengi ya majengo hayo hayapo tena. Hata hivyo, jengo peke yake husema nusu tu ya habari. Huko huko Ujerumani kuna kiwanda cha chuma cha Völklingen, ambacho UNESCO ilikiandika katika urithi wa dunia mwaka 1994. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu ya watu walitumikishwa humo kwa nguvu. Utazame ukuta wake mchana kutwa, hautakuambia neno juu yao. Habari zao zilihifadhiwa na maandishi pamoja na vinywa vya watu.

Kwetu Katanga mambo ni yale yale. Mwezi wa Disemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9, askari waliwafyatulia risasi katika uwanja wa michezo wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na makumi ya watu wakafa. Kuta za viwanda walivyovijenga hazina alama ya damu hiyo.

Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliliona pengo hilo. Katika kazi yake iitwayo «Mémoire», ya mwaka 2006, alizichukua picha za zamani za wafanyakazi na za wakubwa wa kikoloni, akazipachika juu ya picha zake mwenyewe za viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Mtazamaji hawezi tena kusifu magofu na kuwasahau watu: wamesimama mbele yake, wakimtazama.

Huenda mmoja wenu akasema: «Magofu hayaleti unga nyumbani.» Neno hilo ni zito, hasa katika familia za wale zaidi ya 10,000 walioacha kazi Gécamines kuanzia mwaka 2003, katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Lakini ni familia hizo hizo zinazohitaji ushahidi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho la baba zetu nalo ni mali. Mzee akifariki, na karatasi zake zikaliwa na mchwa, ni nani atakayesema alitumika miaka mingapi, na katika karakana gani?

Kwa hiyo nawasihi: mkiomba ruhusa ya kupiga picha ya kiwanda, msiishie kwenye bomba la moshi. Nendeni kwa mzee aliyetumika humo, au kwa mjane wake. Mwombeni kwa heshima. Akikataa, mwacheni kwa amani. Akikubali, mpigeni picha pamoja na karatasi zake za kazi. Andikeni jina lake kamili, kijiji alichotoka, kazi aliyoifanya, mwaka alioanza na mwaka alioacha. Nakala moja ibaki kwa familia yake, nyingine itunzwe mahali pa kuaminika.

Chuma hudumu kuliko mwili. Bomba la moshi litaweza kungoja hadi mwakani; mzee mwenye miaka themanini, anayekohoa usiku, pengine hataweza. Anzeni kwake.