Deni la Taifa ni Amana: Liandikwe, Lishuhudiwe



Ndugu Waislamu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu inazungumzia deni. Katika Suratul Baqarah, aya ya 282, Mola wetu ameagiza deni liwekewe muda, liandikwe kwa uadilifu na lishuhudiwe. Ikiwa hayo yameagizwa kwa watu wawili wanaokopeshana, lisemwe nini juu ya deni la taifa zima?

Mwishoni mwa Desemba 2021, Spika wa Bunge wa wakati huo, Job Ndugai, alionya kuwa deni la taifa limefikia shilingi trilioni 70, na kwamba iko siku nchi itapigwa mnada. Januari 4, 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alimjibu kuwa kukopa si jambo geni na kwamba mikopo hujenga maendeleo. Siku mbili baadaye Spika akajiuzulu. Watu wakashughulika na nani kamkosea nani, na swali lenyewe likazikwa.

Sisi hatusemi kwamba kila mkopo ni ubadhirifu. Mkopo wa trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, uliozua mzozo ule, ulijenga madarasa 15,000, na watoto wa Vingunguti nao wanahitaji madarasa. Wala hatutosheki na hoja ya ukomo peke yake. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeweka ukomo wa deni kuwa asilimia 50 ya pato la taifa, kwa thamani ya sasa ya deni hilo. Lakini nchi yaweza kuwa chini ya ukomo na fedha zikaliwa.

Kasoro iko kwenye ushahidi. Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya mwaka 1974 imempa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa. Bunge hupitisha bajeti kwa jumla yake. Mama ntilie na mchuuzi wa nyama wa machinjioni Vingunguti, ambao hulilipa deni hilo kila wanunuapo sabuni yenye kodi, hawajui masharti yake.

Tena deni hilo limebeba riba, ambayo Allah ametangaza vita dhidi ya wasioiacha. Asiambiwe mtu kuwa hakuna njia nyingine: mwaka 2025 Zanzibar ilitoa Sukuk.

Kwa hiyo tunadai kila mkataba wa mkopo ufikishwe Bungeni kabla ya kutiwa saini, ukionesha mkopeshaji, muda, gharama na mradi. Wabunge na madiwani wetu waulizwe hilo hadharani.

Nasi tuanze nyumbani. Kamati ya msikiti isiyosoma mapato, matumizi na madeni yake mbele ya waumini haina ulimi wa kuihoji Serikali.