Upepo na Maji si Duka la Vioo

Siku hizi wako watu wanaosema wanajifunza feng shui, kumbe wananunua tu: kioo cha mlangoni, chura mwenye sarafu mdomoni, kengele ya dirisha. Hiyo ni biashara, si desturi ya Wachina.

Jina lenyewe linafundisha: feng ni upepo, shui ni maji. Kitabu cha zamani cha maziko, kinachohesabiwa kuwa cha Guo Pu (276-324), kinaanzia kwa ardhi. Qi, ndiyo pumzi ya uhai, upepo unaitawanya na maji yanaizuia. Basi mwenye kuanza asikimbilie luopan, ile dira ya mafundi. Atembee kwanza. Aangalie mlima uko fasi gani, maji yanapita wapi, upepo unatoka upande gani.

Na aulize sababu. Juu ya nini nyumba ya Kichina inatazama kusini? Kule kaskazini mwa China, upepo wa baridi kali unatoka kaskazini, na jua la majira ya baridi liko kusini. Mlima nyuma, jua mbele: hiyo ni akili.

Lakini ukiileta sheria hiyo Lubumbashi neno kwa neno, umepotea. Huku kwetu, mwezi wa 6, jua la saa sita liko kaskazini, na upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki. Utalipa jua mgongo na kufungulia baridi mlango!

Kukariri si kujifunza, wandugu. Mwalimu asiyeeleza sababu, msimulipe hata franka moja.