Mikono Yenye Oili si Aibu

Gari la mfanyakazi aghalabu si jipya. Ni gari dogo, lililokwisha kupita mikononi mwa watu watatu au wanne, nalo likiharibika asubuhi, kazi ya siku nzima imeharibika pamoja nalo. Hata hivyo twawaona ndugu zetu wengi wamesimama kando ya barabara, wakimngoja fundi aje kufanya jambo ambalo wangaliweza kujifunza kwa siku moja. Kwa nini?

Twasema waziwazi: kinachowazuia ni aibu. Ukoloni ulitufundisha kwamba mwenye kalamu hashiki spana. Katika baadhi ya shule jembe lilikuwa adhabu ya mwanafunzi mtukutu. Naye alipopata kazi ya ofisini aliamini kwamba mikono safi ndiyo cheo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituhimiza kujitegemea, na kujitegemea huanza uani kwa mtu.

Tuchukue mfano wa Volkswagen ile yenye umbo la kobe, ambayo iliacha kutengenezwa mwaka 2003 baada ya kutolewa zaidi ya milioni 21. Injini yake iko nyuma, haina rejeta, hupozwa kwa hewa na kwa oili. Basi mkanda wa feni ukikatika, taa nyekundu huwaka, na mwenye gari hana budi kusimama papo hapo. Akiendelea, ataunguza injini. Mkanda mmoja wa akiba na spana mbili tatu humfikisha kazini. Oili yake ni lita mbili na nusu tu. Imwagwe kila kilomita 5,000, na chujio la waya lisafishwe. Valvu zipimwe injini ikiwa baridi kabisa, wala mtu asidanganywe na ukimya: valvu iliyolegea hupiga kelele, iliyobana hunyamaza, na hiyo iliyonyamaza ndiyo huungua. Waya wa klachi nao hurekebishwa kwa nati yenye masikio, na dereva asiegemeze mguu juu ya klachi safari nzima.

Hatusemi kwamba mafundi wanyang'anywe riziki yao. Breki na usukani ni roho za watu, asiyejua asiziguse. Wala mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Lakini ajuaye gari lake huzungumza na fundi kama mwenzake. Asiyelijua huambiwa lolote, akalipa.

Twawashauri wafanyakazi wa mahali pamoja wachange, wanunue seti moja ya spana, jeki na vigingi imara vya kulishikilia gari, wakutane Jumamosi moja kila mwezi. Ajuaye amfundishe asiyejua, karani na dereva bega kwa bega. Oili chakavu isimwagwe mtaroni, bali ikusanywe katika debe. Na viongozi wa matawi wasije kutazama tu. Wakunje mikono ya mashati yao.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkanda uliochakaa ni ufa, na injini iliyoungua ni ukuta ambao mshahara wa mfanyakazi hautoshi kuujenga.